Kubaki kwenye dripu au kupandikizwa utumbo: wiki ya vipimo inaamua nini

Kosa langu kubwa nikiwa mkalimani mpya wa hospitali huku Marekani lilikuwa la neno moja. Daktari alisema mtoto ameitwa kufanyiwa tathmini ya upandikizaji wa utumbo. Mimi, kwa haraka, nikamwambia mama yake kwamba wiki ijayo mtoto ana "mtihani". Jumatatu ilipofika, mama yule, mzaliwa wa Uvira, alimleta mtoto amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na njiani alikuwa amemwonya asithubutu kusema anaumwa popote. Alipoulizwa mtoto amepata homa mara ngapi mwaka ule, akajibu: homa hakuna. Faili lilionyesha amelazwa mara tatu. Mama aliogopa mwanawe asije akaanguka mtihani.

Kumbe homa zile tatu ndizo zilizomleta pale. Wiki ya vipimo ni wiki ya kulinganisha njia, kubaki kwenye dripu ya chakula au kupandikizwa utumbo: hii ikimfaa mgonjwa kwa kiasi gani, na ile itamgharimu nini. Nimekaa kwenye vyumba hivyo mara nyingi vya kutosha kujua wapi familia zetu hujikwaa, na nimeona heri niyaandike kwa Kiswahili.

Nani anapelekwa huko

Mtu mzima ana utumbo mwembamba wa kama mita 6, ingawa watu hutofautiana sana. Ukibaki chini ya mita 2, madaktari huuita utumbo mfupi. Kwa watoto, chanzo mara nyingi ni utumbo uliojisokota, mtoto aliyezaliwa matumbo yakiwa nje, au njiti ambaye utumbo wake ulioza katika wiki za mwanzo. Kwa watu wazima ni mshipa wa damu wa utumbo kuziba ghafla, ugonjwa wa Crohn (uvimbe sugu wa utumbo) uliofanyiwa upasuaji mara kwa mara, ajali, au uvimbe wa desmoidi, ambao si saratani ya kusambaa mwilini lakini huvamia vilivyo jirani. Wapo pia wenye utumbo mzima kwa urefu lakini hausukumi chakula, au ngozi yake ya ndani haifyonzi kitu tangu kuzaliwa.

Urefu peke yake hausemi yote. Mtu aliyebakiwa na sentimita 60 za utumbo mwembamba, lakini utumbo mpana wote upo na umeungwa, ana matumaini ya kuachana na dripu siku moja. Mwenye sentimita 90 zinazoishia kwenye tundu la tumboni, kinyesi kikitokea kwenye mfuko, kwa kawaida ataihitaji dripu maisha yake yote. Kwa hiyo swali la kwanza la timu ni ramani: kimebaki kipande gani, na kimeunganishwa na nini. Leteni ripoti za upasuaji wa zamani, hata zile za Kifaransa zilizoandikwa kwa mkono.

Njia tatu zilizo mezani

Ya kwanza ni kubaki kwenye dripu ya chakula, yaani kulishwa kwa mshipa nyumbani. Dripu hii ina sukari, protini, mafuta, vitamini na madini, na huingia kwa mpira uliowekwa kifuani hadi kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo. Stanley Dudrick na wenzake wa Philadelphia ndio walioonyesha mwaka 1968 kwamba kiumbe anaweza kukua kwa kulishwa hivyo tu. Walianza na vijibwa, kisha mtoto mchanga. Kabla ya hapo mtu asiye na utumbo alikufa kwa njaa.

Nimewahi kualikwa chakula cha jioni kwa familia inayoishi na dripu. Friji ya pili sebuleni ilikuwa imejaa mifuko. Mmoja ulikuwa umetolewa mapema upungue ubaridi. Saa mbili usiku baba aliosha mikono hadi viwikoni, akafuta ncha ya mpira kwa spiriti huku akihesabu kwa sauti hadi kumi na tano, akaacha ikauke, ndipo akaunganisha. Pampu ilianza kunguruma na ingeendelea hadi asubuhi. Hakuna aliyepiga chafya chumbani mle bila kutazamwa.

Ya pili ni kuusaidia utumbo uliobaki uzoee kazi. Kuna chakula kilichopangwa na mtaalamu wa lishe, na dawa za kupunguza mwendo wa choo. Kuna sindano ya kila siku ya teduglutaidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2012 kwa watu wazima na 2019 kwa watoto, ambayo hukuza ngozi ya ndani ya utumbo na kupunguza lita za dripu. Mwenye saratani ya njia ya chakula hapewi, na mtu mzima hukaguliwa kwanza utumbo mpana kwa kamera. Upo pia upasuaji wa kurefusha utumbo uliotanuka, ulioelezwa na madaktari wa Boston mwaka 2003: utumbo hukatwa kwa mikato ya kupishana, kushoto na kulia, mpaka njia yake inakuwa ya nyoka, nyembamba na ndefu zaidi.

Ya tatu ndiyo upandikizaji. Majaribio ya miaka ya 1960 yalishindwa kwa kuwa mwili uliukataa utumbo wa mtu mwingine. Mafanikio yalianza kuonekana mwaka 1988, Kiel nchini Ujerumani na London ya Ontario, Kanada. Dawa ya kushusha kinga ya takrolimasi, iliyogunduliwa Japani na kuanza kutumika kwa wagonjwa Pittsburgh, ndiyo iliyofungua mlango kwa wengi. Hata hivyo bado ni upasuaji wa wachache. Marekani nzima ilifikia kilele cha upandikizaji 198 mwaka 2007, na miaka ya karibuni hawafiki 100 kwa mwaka. Sababu moja ya kushuka ni nzuri: dripu na njia ile ya pili zimekuwa bora.

Dripu na upandikizaji, ana kwa ana

Watu huniuliza korido: "Kaka, ipi salama?" Kazi iliyochapishwa Ulaya mwaka 2011 ilifuatilia wagonjwa kwa miaka 5. Wale wa dripu wasio na sababu ya kupandikizwa, 87% walikuwa hai. Wale ambao dripu ilianza kuwashinda lakini wakabaki nayo, 73%. Waliopandikizwa, 54%. Msizisome kama matokeo ya ligi, kwa sababu aliyefikia kupandikizwa mara nyingi alikuwa taabani zaidi. Lakini zinaeleza kwa nini hakuna timu makini itakayomtoa mtu kwenye dripu inayomwendea vizuri ili tu apate kula pilau.

Kero za njia hizi mbili hazifanani. Dripu inakuchukulia usiku, inakuzuia kuogelea baharini, na kila homa ni safari ya hospitali maana mpira unaweza kuwa umeingiza vijidudu kwenye damu. Upandikizaji ukifaulu unakurudishia mdomo. Unakula mezani na wenzako na unalala bila pampu. Badala yake unameza dawa za kushusha kinga maisha yote, na mwaka wa kwanza unakaa jirani na hospitali. Utumbo umejaa chembe za kinga kuliko figo au ini, ndiyo maana mwili huukataa kwa urahisi. Karibu wagonjwa 4 katika 10 hupata tukio la kukataliwa ndani ya mwaka huo. Tena hakuna kipimo cha damu cha kutegemewa kinachotoa tahadhari mapema, kama kreatinini inavyofanya kwa figo. Inabidi kuingiza kamera kupitia tundu la tumboni na kuchukua vipande vidogo vya nyama, mwanzoni mara moja au mbili kila wiki.

Binafsi nimeona watu wawili wakilia kwa kipande cha mkate. Mmoja alikuwa anakila kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Mwingine alikuwa amerudishwa wodini kwa kukataliwa, akaambiwa asile kitu.

Mizani inapogeuka

Basi ni lini dripu inahesabiwa kuwa imeshindwa? Mwaka 2001 bima ya serikali ya Marekani, Medicare, ilianza kulipia upandikizaji huu kwa vigezo vinne: ini kuharibika kwa sababu ya dripu, mishipa miwili au zaidi kati ya sita mikubwa kuziba (ya shingoni, ya chini ya mtulinga na ya kinenani), kulazwa mara mbili kwa mwaka kwa vijidudu kwenye damu, au mara moja tu kama ni fangasi au mgonjwa alizimia kwa shinikizo kushuka, na kuishiwa maji mwilini kila mara hata kwa dripu.

Wataalamu waliviandika upya, vikachapishwa mwaka 2020, na vimekuwa vikali zaidi. Sasa kwa mishipa wanatazama minne ya juu, na mitatu iwe imeziba. Kwa ini, wanatafuta bilirubini (ile rangi ya manjano ya nyongo kwenye damu) iliyopita mikromoli 75 kwa lita kwa zaidi ya miezi 2 ingawa mafuta ya dripu yamebadilishwa, au dalili nyingine kwamba ini linazidi kuharibika. Kwa mtoto, homa za kawaida za mpira hazitoshi: awe ameingia chumba cha mahututi mara mbili, moyo au mapafu yakishindwa. Vimo pia uvimbe wa desmoidi uliosambaa tumboni, utumbo wote kufa ghafla pamoja na ini kushindwa, na utumbo wa kwanza wa kupandikizwa kuharibika.

Ukiona daktari wako ananukuu vile vya zamani na timu inajibu kwa vipya, hawajachanganyikiwa. Homa zile zile tatu zingempitisha mtoto zamani, na leo zisimpitishe.

Ndani ya wiki yenyewe

Vipimo ni vingi na sitavipitia vyote. Kundi la damu, moyo, mapafu, meno, unene wa mifupa: hivyo ni kama vya upandikizaji wowote. Vinavyotofautisha njia moja na nyingine ni vichache.

Mishipa kwanza. Ultrasaundi ya shingo na kifua, kisha CT skani yenye dawa ya rangi, huonyesha mshipa upi unapitisha damu na upi umekuwa kamba. Huu ndio mtaji wa mgonjwa. Dripu inauhitaji, na upasuaji wa kupandikiza nao unauhitaji, kwa sababu damu na dawa nyingi huingia humo kwa kasi. Mgonjwa anayesubiri mpaka mshipa wa mwisho anaweza kukuta njia zote mbili zimefungwa pamoja. Wanapima pia kama damu yake ina tabia ya kuganda kwa urithi. Hapo pana jambo la kushangaza: protini kadhaa zinazozuia damu isigande hutengenezwa na ini, hivyo mwenye upungufu wa kuzaliwa anaweza kuponywa na ini jipya, lakini utumbo peke yake hautamsaidia.

Kisha ini, na hapa ndipo swali linabadilika kutoka "apandikizwe?" kuwa "apandikizwe nini?" Wanatazama bilirubini, ugandaji wa damu, chembe sahani (zile zinazosaidia damu kuganda), ukubwa wa bandama, na mara nyingi wanachoma sindano kuchukua kipande cha ini. Ini likiwa na makovu machache, mgonjwa hupewa utumbo peke yake, na ini laweza kupata nafuu likishapumzishwa dripu. Likiwa limeshajaa makovu, anahitaji ini na utumbo kwa pamoja. Ikiwa mfuko wa chakula nao haufanyi kazi, au mishipa yote inayopeleka damu ya tumbo kwenye ini imeziba, anapewa fungu zima: mfuko wa chakula, kongosho, utumbo na ini. Fungu hilo laweza kupandikizwa bila ini, kama la mgonjwa ni zima.

Tofauti ambayo familia nyingi hawaelezwi vya kutosha ni hii. Utumbo uliopandikizwa peke yake ukiharibika, unaweza kutolewa na mtu akarudi kwenye dripu. Ini likiwemo, hakuna kurudi, atahitaji jingine. Upande wa pili, ini la mtoaji yule yule huonekana kuukinga utumbo, na kukataliwa kwa muda mrefu hupungua. Hilo mwulizeni daktari wa upasuaji waziwazi, na msitoke chumbani kabla hajajibu.

Figo hupimwa kwa uzito kuliko watu wanavyodhani. Zimeshapigwa na miaka ya kuishiwa maji, na takrolimasi itazipiga tena. Takwimu za Marekani zilizochapishwa 2003 zilionyesha kwamba kati ya waliopandikizwa utumbo, karibu mmoja kati ya watano figo zake zilishindwa vibaya ndani ya miaka 5, zaidi kuliko waliopandikizwa moyo, mapafu au ini.

Halafu maswali ya vijidudu, ambayo kwetu tuliokulia Afrika yana uzito wa pekee. Kifua kikuu kilicholala lazima kijulikane. Kuna mnyoo wa strongiloidi unaoweza kukaa mwilini miongo bila dalili, na kinga ikishushwa ukazaana hadi kuua. Dawa yake ni ivermectini, ile ile wengi waliwahi kumeza kwenye kampeni za usubi. Lakini ziko sehemu za Kongo zenye minyoo ya loa, inayoonekana ikipita jichoni, na mwenye nayo kwa wingi akimeza ivermectini anaweza kupoteza fahamu. Kwa hiyo daktari akiuliza ulikulia wapi, si udaku wala si mambo ya uhamiaji. Taja kijiji.

Chanjo zenye vijidudu hai, kama surua, tetekuwanga na homa ya manjano, hutolewa kabla. Baada ya kupandikizwa kwa kawaida ni marufuku, na aliyepanga kwenda kusalimia nyumbani Kongo au Uganda anaweza kukwama kwenye kadi ya njano ya chanjo. Nimemwona mzee mmoja akigundua hilo miezi minane baada ya upasuaji, tiketi mkononi.

Mwisho ni tumbo lenyewe kama chumba. Aliyeishi miaka bila utumbo, tumbo lake limesinyaa. Mtoaji anatakiwa awe mdogo kuliko yeye, mara nyingi nusu hadi robo tatu ya uzito wake, na utumbo hauvumilii barafu kwa muda mrefu. Saa 6 hadi 8 tayari ni nyingi. Ndiyo sababu watoto wadogo husubiri sana.

Maswali yasiyo ya sindano

Siku moja nzima huenda kwa afisa wa ustawi wa jamii, mwanasaikolojia, mfamasia na mtu wa bima. Wanauliza nani atakaa na mgonjwa, nani atamlea mtoto mwingine, mnaishi umbali gani. Wanauliza juu ya vidonge vikali vya maumivu, maana wagonjwa wa utumbo wengi wamevizoea, na timu inataka mpango wa kuvipunguza mapema. Wanauliza dozi mlizokosa. Kwetu tumefundishwa kumsitiri mgonjwa. Hapa sitara inaharibu. Mama asemapo "tunaweza yote, Mungu yupo" huku akifanya kazi zamu mbili, timu haijui imsaidie wapi. Na tafadhali msimtumie mtoto wa darasa la sita kutafsiri. Ombeni mkalimani, hamlipi.

Kwa msomaji aliye nyumbani

Tanzania ilianza kupandikiza figo Muhimbili mwaka 2017, na hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka uliofuata. Utumbo ni habari nyingine. Wengi hufikiria India, na Chennai kweli wapo madaktari wanaoufanya. Ila fahamu kwamba viungo vya waliofariki huko hupewa kwanza raia wa India, mgeni akifuata pale ambapo hakuna anayelingana naye, na ndugu akijitolea kipande cha utumbo wake uhusiano wenu utachunguzwa kwa sheria ya India ya kupandikiza viungo ya mwaka 1994.

Kwa aliye Mwanza au Bujumbura mizani yenyewe ni tofauti, kwa sababu dripu ya nyumbani yenye mifuko ya kila siku ni ngumu mno kuipata. Hapo mtu huona upandikizaji ndiyo njia pekee. Kabla ya kuuza shamba, uliza jambo moja: ukirudi, nani atapima kiwango cha takrolimasi wiki hiyo hiyo, na nani ataingiza kamera tumbo likiharisha usiku? Kama jibu halipo, ningetumia nguvu zangu kwanza kwenye ile njia ya pili, na kubaki karibu na waliokupasua kwa muda mrefu kuliko visa inavyoruhusu.

Siku ya Ijumaa

Majibu hutolewa na kamati nzima. Mgonjwa anaweza kuingizwa kwenye orodha; Marekani, ambaye ini lake linaharibika au mishipa imekwisha hupewa daraja la 1, wengine la 2, na aliyesimamishwa kwa muda hukaa daraja la 7. Anaweza kuambiwa amechelewa, na hilo ndilo jibu ambalo nalichukia kulitafsiri. Au anaweza kuambiwa bado.

Mtoto wa shati jeupe aliambiwa bado. Ini lilikuwa na makovu kidogo tu. Mishipa mitatu kati ya minne ya juu ilikuwa wazi. Mafuta ya dripu yabadilishwe yawe ya samaki, mpira uwe unajazwa dawa ya kuua vijidudu kila dripu inapoisha, arudi baada ya miezi 6 na ultrasaundi mpya. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akanigeukia, akauliza kwa sauti ndogo: "Ameanguka?"

Daktari alilishika neno hilo kwa jinsi nilivyoinamisha kichwa, akauliza maana yake. Ikabidi nimweleze kosa langu pale pale, mbele ya mama, kwa lugha zote mbili.